Daftari la Zamu

Saa moja usiku. Nimepokea zamu kwa Mwaringa.
Tochi moja, rungu moja, funguo kumi na tisa
za vyumba visivyolaliwa tangu Mzee Ottavio
aondoke Malindi kwenda kwao kutibiwa nyonga.
Bwawa halina maji. Shwari.

Saa tatu. Shwari.
Kwenye simu chungu kinasoma milioni mia tatu na kumi na mbili
na tarakimu za mwisho hazitulii,
zinapanda kama maziwa jikoni
na mimi ndiye niliyeachiwa kuyaangalia.
Ninazo elfu moja na mia nne. Mzunguko ni ishirini.
Limau, kengele, limau.
Limau, limau, saba.

Saa nne na nusu. Mbwa wamebweka upande wa Casuarina.
Nimezunguka uzio, hakuna kitu.
Nimerudi. Saba, saba,
na ya tatu ikasimama unywele mmoja chini ya mstari.
Nikasema: imekaribia.
Inakaribiaje? Haina njia, haina miguu,
haijui kwamba nimekesha,
wala kwamba jana ilinichukulia mia tisa.
Kila nikibonyeza, kwake mimi ni mgeni mpya
asiyeidai kitu.

Saa sita. Mbodze huuza mchele Maweni, kwa kilo na kwa nusu.
Juzi nilimwambia bahati yenyewe ni moja katika milioni hamsini,
nikaitamka kama bei ya kupatana.
Hakujibu. Alihesabu punje za kijiko,
akahesabu vijiko vya kilo,
akachovya punje moja kwenye wino wa muhuri.
"Magunia ishirini," akasema, "ya kilo hamsini hamsini.
Hii imo ndani ya mojawapo. Zima taa, tia mkono.
Kila ukitia, nipe ishirini."
Kisha akaitupa kwenye debe
na kumpimia mama Jumwa nusu kilo.
Sijui iliishia sufuria ya nani.

Saa saba. Zimebaki mia nne.
Si kweli. Zimebaki sitini.

Saa nane. Hakuna kitu. Fuliza imekubali mia tano.

Saa tisa. Nimesoma maandishi madogo, yale ya chini kabisa,
si kwa busara, ni mtandao uliokuwa ukigoma.
Katika kila ishirini, shilingi moja huenda chunguni.
Na anayecheza ishirini hashindanii chungu.
Chungu ni cha wanaocheza mia mbili.
Nimesoma mara tatu, nikaimulika simu kwa tochi
kana kwamba haina mwanga wake.
Miezi minne nimechochea kuni
za karamu ambayo sikualikwa.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa darasani,
na hakuna mtoto aliyenyoosha mkono
kuuliza kibaba ni cha nani.

Saa tisa na robo. Nimecheza mia mbili, mara mbili.
Kengele, saba, limau.
Limau, kengele, kengele.
Imebaki mia moja, ambayo haina kiti kwenye meza ile.

Saa kumi na moja. Adhana.
Chungu bado ni milioni mia tatu na kumi na mbili na ziada.
Katika ziada hiyo shilingi tisini za usiku huu ni zangu.
Nazitambua, kama mtu atambuavyo mbuzi wake
katika zizi la mwingine.

Saa kumi na mbili. Chini ya mlimau wa nyuma ya jiko
yameanguka malimau saba.
Nimeyaokota bila kubonyeza chochote.
Mawili yametobolewa na wadudu. Matano nampelekea Mbodze.

Nimekabidhi zamu.
Mwaringa amesoma ukurasa huu wote, amesimama,
kidole kikifuata mstari kwa mstari.
Amefunga daftari. Ametazama langoni, kisha nyuma yake,
na kwa sauti ya chini ameniuliza
chungu kimefika ngapi.